Malengo saba, mshahara mmoja: nianze na lipi?

SWALI

Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na mume wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa ameanza kidato cha kwanza mwezi huu. Baada ya makato yote, likiwemo rejesho la mkopo wa benki utakaoisha 2028, nabaki na 540,000 mkononi. Wikiendi nauza mafuta ya alizeti; mwezi mzuri napata faida ya laki moja, mwezi mbaya elfu arobaini. Mume wangu ni fundi ujenzi. Yeye anabeba chakula, mimi kodi ya nyumba, shule, umeme na mengine madogomadogo.

Oktoba katikati nilikopa laki nne kwa mtu ili nilipe kodi ya miezi sita. Kadi yangu ya benki anayo yeye na namba ya siri anaijua. Mshahara ukiingia anatoa 80,000 za riba. Nadaiwa pia 120,000 za mkopo wa kwenye simu, naulipa na kuukopa upya. Kikoba nina hisa za 260,000. Tunakutana Jumamosi, hisa ni 2,000, mtu ananunua moja hadi tano, mkopo ni mara tatu ya hisa zako kwa riba ya asilimia 10 kwa miezi mitatu, na tunavunja mwisho wa Juni.

Usiku wa mkesha wa mwaka mpya niliandika malengo saba: nimalize madeni, nisihangaike tena na kodi, ninunue kiwanja Nala cha milioni 3, niweke akiba ya dharura milioni 1, ninunue hati fungani za milioni 1, nianze mradi wa kuku wa 800,000, nipunguze matumizi. Mwenye kiwanja anataka nitangulize laki mbili kabla Januari haijaisha. Kila mwaka naandika, kila mwaka sifiki. Nianze na lipi? Matumizi yangu ya mwezi nimekuandikia kwenye karatasi ya pili.

Mwalimu, Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwalimu, na hongera kwa huyo aliyeingia kidato cha kwanza.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Anza na kadi yako ya benki. Irudi mkononi mwako kabla mshahara wa Januari haujaingia, yaani kabla ya tarehe 23 au hapo karibu. Mengine yote uliyoandika usiku ule yana zamu yake, na mawili, kuku na hati fungani (yaani kuikopesha serikali kwa riba), mwaka huu hayana nafasi.

Nimejumlisha orodha yako, kazi ambayo nahisi hukuifanya. Madeni 520,000, kiwanja 3,000,000, akiba 1,000,000, hati fungani 1,000,000, kuku 800,000. Jumla 6,320,000. Gawa kwa miezi 12, unapata karibu 527,000 kila mwezi, na mshahara wako mkononi ni 540,000. Ina maana ili uyatimize yote, nyumba nzima iendeshwe kwa 13,000 na faida ya mafuta ya alizeti. Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba hufiki. Orodha ya namna hiyo hata mkurugenzi asingeifikia. Lengo la fedha linahitaji kiasi, mwezi wa kuisha, na pesa inayojulikana itakayolilipa. "Nipunguze matumizi" halina hata kimoja kati ya hivyo, nimelifuta.

Sasa huyo bwana wa kadi. Mikopo ya namna yake mtaani tunaiita kausha damu, na aliyeibatiza hakukosea. Alikupa 400,000 Oktoba. Novemba katoa 80,000, Desemba katoa 80,000, na deni bado ni 400,000 vilevile kwa sababu anachochukua ni riba tupu. Hiyo ni asilimia 20 kwa mwezi. Ukimwacha aendelee mwaka mzima atakuwa amebeba 960,000, na ukimuuliza Desemba atakwambia bado unadaiwa laki nne. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zimemwekea mkopeshaji mdogo mwenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki nne hiyo ni 14,000. Na kwa mtumishi kama wewe, riba ya benki ya mwaka mzima iko chini ya riba ya huyu bwana ya mwezi mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani na ule ushauri wa vijiweni kwamba Dodoma nunua ardhi kwanza, madeni yatajipa. Ardhi hapa imepanda sana tangu serikali ilipoanza kuhamia 2016, hilo sibishi. Lakini hakuna kiwanja, kiwe Nala au Mtumba, kinachopanda asilimia 20 kila mwezi. Hati fungani ndiyo kabisa. Tuseme umepata ya asilimia 12 kwa mwaka: milioni yako itakuletea 120,000. Hizo huyo bwana anazichukua kwa mwezi mmoja na nusu.

Pesa ya kumlipa iko karibu nawe, ndani ya sanduku la kikoba. Una hisa za 260,000, kwa hiyo kikundi kinaweza kukukopesha hadi 780,000. Wewe omba 520,000 tu, uzime madeni yote mawili kwa mpigo. Kwa riba yenu utarudisha 572,000 kwa miezi mitatu, kama 191,000 kwa mwezi, Februari, Machi na Aprili. Riba ya kikoba kwa miezi yote mitatu ni 52,000. Kwa miezi hiyohiyo kausha damu angechukua 240,000 na deni lake likabaki palepale. Isitoshe, hiyo 52,000 inaingia kwenye faida ya kikundi, na sehemu yake itakurudia Juni mtakapogawana.

Usisubiri Jumamosi ndipo useme. Januari kila mwanakikundi ana mtoto wa kupeleka shule, na sanduku huwa na foleni ndefu. Mpigie katibu leo, mwambie unataka kiasi gani, cha nini, na utakilipa vipi. Umtafute na mdhamini wako mapema. Wakikwambia pesa haitoshi, chukua 400,000 umalizane na mwenye kadi, huo wa simu usubiri Februari. Na kama kikoba hakina kitu kabisa, nenda benki yako uulize kujaziwa mkopo ulionao. Njia hiyo nimeiweka ya mwisho kwa makusudi. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, kwa hiyo kwanza angalia kwenye hati ya mshahara kama nafasi ipo. Ikiwepo, afisa mikopo atakwambia unastahili milioni 4, na mkopo wako wa 2028 utasogea hadi 2031. Ukienda, omba laki tano na ishirini. Akikuonyesha tarakimu kubwa kwenye kompyuta, mshukuru.

Kuichukua kadi kuna utaratibu wake. Muulize kwanza kwa ujumbe wa simu unadaiwa kiasi gani hadi tarehe fulani, akujibu kwa maandishi. Siku ya kulipa nenda na mtu mzima mmoja, mumeo au mwenzako wa kazini. Lipa kwa simu au benki ili kubaki na kumbukumbu; ikibidi iwe taslimu, aandike amepokea kiasi gani, deni limekwisha, mtie sahihi na shahidi. Kadi ukiishika mkononi, nenda ATM palepale ubadilishe namba ya siri. Wengine hawa hurudisha kadi huku namba wanayo kichwani. Akianza maneno, mara kuna faini, mara urudi kesho, usigombane naye. Nenda tawini kwako na kitambulisho, waifunge ile kadi na wakupe nyingine. Kadi ni mali ya benki na akaunti ni yako. Hakuna sheria inayompa mtu wa tatu haki ya kukaa nayo. Deni lake bado utalilipa, ila kwa mkono wako mwenyewe.

Huo mkopo wa kwenye simu ukishaulipa, usifute ujumbe wa malipo hadi uone salio la deni ni sifuri. Kisha ondoa programu yenyewe, na kabla ya kuiondoa nenda kwenye mipangilio ya simu uinyang'anye ruhusa ya kusoma majina ya watu wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, na malalamiko makubwa yalikuwa hayohayo: mtu akichelewa siku mbili, wakwe na bosi wanatumiwa ujumbe.

Nije kwenye karatasi yako ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo nimeipenda kuliko ile ya malengo. Kodi 90,000, umeme na maji 35,000, nauli 45,000, shule 40,000, simu 15,000, kikoba 44,000, mama Kondoa 50,000, michango ya harusi, misiba na kanisani 40,000, nguo, dawa na dharura ndogondogo 60,000, riba ya kausha damu 80,000, mkopo wa simu 60,000. Jumla 559,000. Upande wa mapato nimehesabu mshahara na mwezi mbaya wa mafuta, 580,000. Mwezi mbaya ndio wa kupangia. Mwezi mzuri ukija tutajua pa kuupeleka. Unabaki na 21,000 ambazo najua zinapita bila kuonekana.

Madeni yakihamia kikoba, 140,000 za kausha damu na simu zinaachiliwa. Ongeza hizo 21,000. Kisha kwa hii miezi ya rejesho punguza hisa kutoka tano hadi mbili kwa wiki. Ile elfu moja ya kila wiki ya mfuko wa jamii wa kikoba iache, usije ukafiwa ukakosa haki yako. Hapo umepata 24,000 nyingine. Michango ishuke kutoka 40,000 hadi 30,000. Jumla yote ni 195,000, na rejesho ni 191,000. Inabana, lakini inaenea, na haikugusa hela ya mama wala ya watoto.

Hapo kwenye michango najua utasema si rahisi. Dodoma ya sasa mtu yuko kwenye makundi ya harusi ya kazini, ya mtaani, ya kwao na ya kwa mumewe, na kila kundi lina mwenyekiti anayejua kukutaja jina. Fanya hivi: fungu la 30,000 liwe la mwezi, na ahadi isitoke mdomoni kabla hujaangalia fungu lina ngapi. Ukifika mwezi na harusi tatu, kila moja ipate elfu kumi. Msiba usipimwe hivyo; kwenye msiba nenda na mikono yako, upike, uoshe vyombo, hilo hakuna anayelisahau. Kinachotuumiza ni ile ahadi ya laki moja tunayoitoa kikaoni kwa sababu jirani ametoa laki na nusu. Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga, na mwenzangu unakopa kwa ajili ya harusi isiyo yako.

Hela ya mama Kondoa usiiguse wala usiifanye siri. Iandike kama kodi, itumwe siku ya mshahara, kiasi kilekile. Wazazi wengi wanapendelea 50,000 ya uhakika kuliko laki moja ya kubahatisha, na ukiituma mapema hakuna simu ya dharura tarehe 15.

Sasa chanzo cha yote haya. Hukukopa kwa kausha damu kwa sababu ya anasa. Ulikopa kwa sababu mwenye nyumba anataka 540,000 kwa mara moja na wewe unalipwa kwa mwezi. Umenieleza kwamba 90,000 ya kodi unaitenga kila mwezi. Kwenye karatasi, ndiyo. Ila inakaa kwenye simu pamoja na hela ya luku na ya nauli, na hadi Oktoba inafika imeshaliwa. Tusipolitibu hilo, Aprili katikati utakuwa tena mlangoni kwa yuleyule bwana, safari hii na kadi mpya.

Hesabu haidanganyi: kuanzia mshahara wa Januari hadi wa Machi utakuwa umetenga mara tatu, 270,000. Kodi ya miezi sita huifikii. Kodi ya miezi mitatu unaifikia bila shilingi ya ziada. Kwa hiyo Februari mwanzoni, nakazia Februari, mwende wewe na mumeo kwa mwenye nyumba mkamwombe mlipe kwa miezi mitatu mitatu: Aprili, Julai, Oktoba, Januari. Mpangaji anayekwenda miezi miwili kabla na tarehe mkononi anasikilizwa tofauti na anayekwenda siku kodi imeisha akiwa na nusu ya hela. Akikubali, aandike kwenye risiti au mkataba. Akikataa katakata, hizo 270,000 zilizopungua zibebwe na baba watoto kutoka kazi za Februari na Machi, naye ajue tangu sasa. Wewe upande wako hauna mahali pa kuchomoa tena.

Na hiyo 90,000 isikae kwenye simu. Fungua akaunti ya pili ya akiba isiyo na kadi, na siku ya mshahara iende huko kabla hujaenda sokoni. Benki nyingi zinakubali uweke maagizo ya kudumu, ikahamishwa yenyewe. Kama unaogopa benki kufilisika, Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000, kwa hiyo kwa ukubwa wa fedha tunazozungumzia hapa lala usingizi.

Januari yenyewe usiipangie makubwa. Ni mwezi dume, inajulikana. Ukifanikiwa kuitoa kadi kabla ya mshahara, mshahara wa Januari utakuwa na 195,000 ambazo rejesho lake halijaanza. Zaidi kidogo ya 90,000 zimalizie sare, madaftari na michango ya kidato cha kwanza, kwa sababu ada ilifutwa lakini begi halijafutwa. Laki moja inayobaki ilale kwenye ile akaunti isiyo na kadi. Usiitumie kuharakisha deni. Mtu anayelipa deni akiwa hana hata laki moja pembeni, mtoto akiugua usiku anarudi kukopa asubuhi.

Miezi ya Februari hadi Aprili hakuna cha kusisimua. Ni kulipa, kulipa, kulipa. Mwezi mzuri wa mafuta ukitokea, ile elfu sitini ya juu iunganishe na laki moja.

Kuanzia Mei mambo yanabadilika. Rejesho limeisha, na zile 195,000 ni zako. Mei na Juni zinakupa 390,000. Pamoja na laki ya Januari una 490,000. Mwisho wa Juni kikoba kinavunjwa, na hata ukihesabu hisa tu bila faida unapokea kama 350,000.

Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya kupanga fedha kwa Januari. Kwa mtu wa Dodoma, na hasa mtumishi wa serikali, mwaka wa fedha unaanza Julai. Bajeti ya serikali inaanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko ya mishahara huja nayo. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi 2025 pale Singida, kutoka 370,000 hadi 500,000, kilianza kulipwa Julai hiyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba na kwisha Aprili. Mavuno yanaingia Mei, Juni, Julai. Kwa hiyo Januari ghala la mkulima liko tupu, bei ya unga iko juu na mfuko wako uko chini. Julai ni kinyume chake. Ukiweka malengo ya kununua Januari, unanunua wakati mbaya kuliko yote. Januari ni ya kuziba matundu.

Basi hizo 350,000 za kikoba zisiende kwenye kiwanja wala kwenye simu mpya. Zigawe mara mbili. Nusu ni mtaji wa mafuta. Wewe unauza mafuta ya alizeti, unajua kuliko mimi kwamba msimu mashine za kukamua zikiwa zimejaa mbegu, dumu la lita 20 ni bei nyingine kabisa na ile ya Februari. Tatizo lako ni kwamba wakati huo hela huwa huna, unanunua dumu moja moja kadiri unavyouza. Ukiwa na madumu ya ziada yaliyonunuliwa msimu, faida yako ya Novemba na Desemba haitakuwa elfu arobaini. Nunua yaliyochujwa na kutulia, madumu yawe makavu ndani, yajae hadi juu na yakae ndani gizani. Mafuta yaliyokaa juani yanachacha na mteja hakusamehi. Usinunue ya zaidi ya unavyoweza kuuza kwa miezi minne au mitano.

Nusu nyingine ongea na mumeo mnunue mahindi. Ndiyo, chakula ni fungu lake, lakini mkichanga mkaleta magunia mawili kutoka Kibaigwa au kwa mkulima mnayemfahamu huko Kondoa, mkayatia dawa vizuri, Januari ijayo haitakuwa dume kiasi hicho.

Mshahara ukiongezwa Julai, hata kama ni elfu kumi na tano, ihamishe mwezi uleule kwenda akiba kabla haijazoeleka.

Julai rudisha hisa zako ziwe tano kwa wiki kama zamani. Unabaki na 171,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ni 513,000, ukijumlisha na zile 490,000, mwisho wa Septemba umefika milioni moja ya dharura. Hiyo milioni unaweza kuihamishia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia uwekezaji wa pamoja. Unanunua vipande, faida yake kwa miaka ya karibuni imekuwa juu ya akaunti ya kawaida ya akiba, na ukihitaji fedha unauza vipande na kulipwa ndani ya siku chache. Ujue tu kwamba huo ni uwekezaji, haumo kwenye bima ya amana niliyoitaja, na siku chache si usiku wa manane: laki mbili tatu zibaki benki.

Hati fungani za serikali ni kitu kizuri, sitaki uondoke ukidhani nazipinga. Zinaanzia milioni moja, zinanunuliwa kupitia benki au dalali wa soko la hisa, zipo za miaka miwili hadi 25, na riba inalipwa kila miezi sita. Lakini ni za fedha ambayo hutaihitaji. Mtu mwenye milioni moja tu duniani akiifunga miaka 20, mtoto akiugua atauza hati yake kwa bei ya atakayejitokeza.

Kuku nao. Uko darasani kutwa, mumeo yuko saiti. Mdondo ukipita banda ambalo halijachanjwa haubakishi hata jogoo wa kuamshia watu, na chanjo yake inarudiwa kila miezi mitatu. Tutazungumza siku ukiwa na mtu wa kukaa nao.

Jambo hili mumeo alijue lote, pamoja na kadi. Barua yako imeandikwa kama ya mtu anayepanga peke yake, na sijui kama anafahamu kadi iko wapi. Fundi anajua hesabu kuliko tunavyodhani. Kila siku anakadiria mifuko ya saruji na tripu za mchanga. Mpe karatasi ya matumizi aisome kwanza, halafu mwombe ajaze ya kwake: mwezi gani kazi huwa nyingi, mwezi gani hukaa nyumbani. Ile 270,000 ya kodi ikimlazimu kuibeba, aanze kuitafuta leo.

Oktoba hadi Desemba 171,000 zako, 513,000 kwa jumla, ndizo za kwanza kabisa za kiwanja. Na huyu anayetaka laki mbili kabla ya mwisho wa mwezi, usimpe. Hata ungekuwa nazo usingempa kwa namna hiyo. Ardhi ya Dodoma ilipangwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973, na ilipovunjwa 2017 majukumu yake yakaenda kwa halmashauri ambayo sasa ni Jiji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pembezoni ina michoro, na shamba linalokatwa vipande leo huko Nala linaweza kuwa kwenye mchoro kama barabara, shule au eneo la wazi, hata kama muuzaji ana karatasi yenye mhuri wa mtaa. Mwambie hivi: kabla ya laki mbili nipe namba ya kiwanja na kitalu. Ukizipata, nenda ofisi ya ardhi ya Jiji ukaulize kimepimwa au la, matumizi yake ni yapi, na kina jina la nani. Kama namba hana, akakwambia upimaji uko njiani na wanunuzi wengine wanangoja, mwache awauzie hao wengine.